Karani wa Forodha Hakusubiri Muda

Kila kijana anayeniambia angependa kuandika ila hana muda, humtajia karani mmoja wa forodha. Karani huyu aliajiriwa mwaka 1926, akiwa na miaka 17 tu, na kazi yake ilikuwa ile ile ya makarani wote wa serikali ya kikoloni: kukaa mezani, kujaza madaftari, kuitika mkubwa akiita. Forodhani, Pangani ikiwamo, alidumu karibu miaka 18. Kisha akahamishiwa Idara ya Wanyama kule Mpwapwa, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha idara ya upimaji wa ardhi. Ofisi ya mwisho aliiaga mwaka 1960. Mwaka 1962 akafariki. Ile miaka ya kustaafu ambayo wengi wetu tunaipangia kuandika kitabu, yeye hakuipata hata 3 kamili.

Ndiye Shaaban Robert.

Tumemweka juu mno hata hatumwoni tena. Jina lake liko kwenye mtaa katikati ya Dar es Salaam, kwenye shule, kwenye karatasi za mitihani. Mimi nataka umwone akiwa chini huku, mezani, ameshatoka kazini, macho yamechoka kwa tarakimu za mizigo ya watu, anavuta karatasi yake mwenyewe. Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Adili na Nduguze, 1952. Wasifu wa Siti binti Saad, 1958. Miaka yote hiyo alikuwa mwajiriwa, ana saa ya kuingia na mtu wa kumwuliza alikuwa wapi.

Wala hakuwa peke yake. Muhammed Said Abdulla, yule aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, alianza kazi kwenye idara ya afya Zanzibar, akaingia kwenye magazeti, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ndiyo iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, naye bado yuko ofisini na habari za wakulima. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, alikuwa baharia muda mrefu kabla diwani yake ya Kimbunga haijaingia kwenye mikoba ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Na kama unadhani kazi yako ina majukumu mengi, kumbuka kuwa Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, nchi ikiwa bado mbichi mikononi mwake, kila mtu anataka kumwona, kila kitu kinataka sahihi yake.

Basi jambo lenyewe ndilo hili, mdogo wangu, na sitalizungusha: fasihi ya Kiswahili, sehemu kubwa ya ile unayoipenda, iliandikwa na watu waliochoka. Walitoka kazini, wakala, wakaandika. Uchovu wako wa saa tatu usiku hauonyeshi kwamba hukuzaliwa kuwa mwandishi. Unaonyesha umeshafika kwenye benchi walipokaa wenzako.

Yuko mmoja ambaye hata benchi hakuwa nalo. Mwaka 1968, kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, Abdilatif Abdalla, alitoa waraka wa kuikosoa serikali, akauita Kenya: Twendapi? Akahukumiwa miaka 3. Sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa peke yake, akinyimwa vitu vya kuandikia. Akaandika kwenye karatasi za chooni, na maandishi yakatolewa gerezani kwa siri. Mwaka 1973 yakatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, Kenyatta yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Dunia ina vituko.

Watu husimulia habari hii kwa ajili ya zile karatasi. Mimi kinachonishika ni kingine. Mashairi yale yana vina na mizani, yanakaa sawasawa kama arudhi inavyotaka, na mfungwa hakuwa na kitabu cha kumkumbusha kanuni wala mwenzake wa kumhesabia. Aliingia na nini mle ndani? Aliingia na kile alichokuwa amekisikia na kukisoma tangu utotoni. Alilelewa kwenye nyumba ya ushairi. Ahmad Nassir, anayejulikana kwa jina la Malenga wa Mvita, ni kaka yake. Askari wanaweza kukupekua mifuko yote, lakini tungo ulizozihifadhi haziko mfukoni.

Sasa nikuulize wewe. Ukifungiwa mahali usiku wa leo bila simu, bila kitabu, una nini kichwani?

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na sababu yake tunaijua. Tulifundishwa kusoma kwa ajili ya mtihani. Mwalimu aliingia darasani na Takadini, au Watoto wa Mama Ntilie, au Joka la Mdimu, akageukia ubao, akaandika: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, nafasi ya mwanamke. Tukanakili. Tukakariri. Wapo waliopata alama za juu kwa kusoma kijitabu cha uchambuzi tu, riwaya yenyewe hawajaigusa, na ukiwauliza Takadini alikuwa na umbo gani watakujibu kwamba dhamira kuu ni kupinga mila potofu. Siwalaumu walimu, mtihani uko hivyo na darasa lina watoto wengi. Ila mwandishi aliyesoma kwa namna hiyo peke yake ni sawa na mtu anayetaka ushonaji kwa kusikia tu kwamba shati lina mikono miwili. Fundi cherehani hulifumua shati. Hulegeza uzi, akatazama bega lilivyokatwa, akajua kwa nini la yule fundi mwingine halivuti kwapani.

Fumua basi. Chukua Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alikuwa na miaka 27 kitabu hicho kilipotoka mwaka 1971. Pengine wewe unayesoma hapa una umri huo huo. Mtihani utakuuliza kuhusu malezi. Achana na mtihani. Jiulize: amefanyaje huyu mpaka nimchukie Zakaria, baba yake Rosa? Rudi kwenye habari ya barua. Kijana Charles amempa Rosa barua yenye fedha ndani, baba anaigundua, kipigo kinafuata. Ni karatasi tu na fedha kidogo, lakini mzigo wote wa riwaya umewekwa juu yake, kwa sababu binti anayefungiwa kwa fimbo nyumbani atafika shule ya mbali bila kujua lolote la kujilinda. Mwandishi angeweza kutupa kurasa za hotuba juu ya wazazi wakali. Alitupa barua. Ukishaliona hilo hutalisahau, na siku utakapotaka kuandika juu ya rushwa, au juu ya shangazi aliyedhulumiwa shamba, utajikuta unatafuta barua yako iko wapi.

Au Kusadikika. Karama amesimamishwa mbele ya mfalme, ameshtakiwa na waziri Majivuno. Angesema "sina hatia" na kukaa kimya, kitabu kingeishia hapo. Badala yake anaanza kusimulia: habari za wajumbe waliotumwa huku na huku, mmoja mmoja, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakaishia kifungoni. Utetezi umegeuka hadithi ndani ya hadithi, na baraza zima limekaa kimya likisikiliza madhambi yake lenyewe likidhani linasikiliza kesi ya mtu mwingine. Mara ya kwanza nilipokisoma nilikiona kitabu cha maadili, kizito kidogo, cha kusomwa kwa heshima. Baadaye nilipokirudia nikitafuta namna kilivyojengwa, nilicheka peke yangu. Ujanja wake ni mkubwa! Karani wa serikali ya kikoloni anaandika juu ya nchi inayofunga watu wake wenye maono, anaiweka nchi hiyo angani, na kitabu kinachapishwa.

Njia zenyewe hazina uchawi. Soma mara ya kwanza kwa raha, hata umelala kitandani. Mara ya pili soma na penseli. Mara ya tatu chukua ukurasa mmoja unaokusumbua kwa uzuri wake, uunakili kwa mkono, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Jicho lina haraka, mkono hauna. Mkono utagundua kwamba pale ulipodhani pana maelezo marefu pana mistari minne tu; kwamba mhusika ametajwa jina mara moja, kisha ni vitendo vitupu; kwamba aya ya mazungumzo haina "akasema" hata moja na bado unajua nani anaongea. Vijana huniambia kunakili ni kazi ya watoto wa darasa la pili. Waache waseme. Kitabu kimoja kilichonakiliwa kurasa zake 10 kitakufundisha kuliko orodha ndefu za vitabu ambavyo watu hupiga picha majalada na kuweka mtandaoni.

Wala usiogope kuiba, mradi unajua kuiba. Bwana Msa na mwenzake Najum ni ndugu wa Sherlock Holmes na Watson, hilo halina ubishi. Muhammed Said Abdulla alichukua mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake anayestaajabu, akawavika joho la Kizanzibari, akawapa mizimu, nasaba, mashamba na Kiswahili chenye kejeli ambacho London yote isingekiweza. Adili na Nduguze nayo ina mzizi kwenye Alfu Lela Ulela. Anayeiba sura ya nje tu hukamatwa siku ile ile: mpelelezi wake wa Sinza anavaa koti refu la baridi kwenye joto la Februari. Anayeiba mtambo wa ndani, yaani namna siri inavyofichwa na kufichuliwa, huyo hatumkamati. Tunamwita bingwa.

Utaniambia vitabu ni ghali. Ni kweli, na sitakudanganya kwamba si kweli. Lakini pita kando ya barabara pale Posta au Kariakoo, wapo wauza vitabu vya mtumba wametandika turubai chini, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kati ya kamusi zilizochanika na vitabu vya biashara vya Kimarekani hukosi kuona riwaya ya Mtobwa au ya Musiba, kurasa za kwanza hazipo, jina la mwenye kitabu limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kisha ingia maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu mwaka 1967, na mikoani zipo nyingine. Nikiingia humo huona kitu kile kile: meza zimejaa wanafunzi na notisi zao walizokuja nazo kutoka nyumbani, wameinamia madaftari, na rafu ya riwaya iko nyuma ya migongo yao, haiguswi. Siku moja geuza kiti.

Na usome kwa masikio pia. Kiswahili cha vitabuni peke yake kitakupa mazungumzo ya mahakamani hata pale wahusika wako wanapogombania foleni ya maji. Panda daladala la jioni. "Sogea nyuma, nafasi ipo ya kutosha," anasema konda, na ndani hakuna hata pa kuweka kandambili. Abiria mmoja anamjibu, "Nafasi ipo kwenu." Kila mmoja kati ya watu wale wawili amesema kitu kimoja na kumaanisha kingine, gari zima limeelewa, wala hakuna aliyeeleza hisia zake. Hayo ndiyo mazungumzo. Ukifika nyumbani yaandike kabla hujaoga. Sikiliza wazee msibani wanavyomkosoa marehemu bila kumkosoa. Soma kanga zinazopita mbele yako, kwa sababu yule mama hakuivaa ile kwa bahati mbaya. Kuna jirani anayetakiwa kuisoma.

Sasa kuandika kwenyewe. Hapa nina ugomvi na insha za shule, na ugomvi huu nataka uchukue upande wangu. Tulipewa misamiati ya kupamba, tukaambiwa alama zimo humo. Ndiyo maana kijana wa miaka 24, mwerevu, mwenye macho makali, akianza hadithi yake anaandika kwamba alirauka macheo, jua likiwa limechomoza na miale yake ya dhahabu, ndege wakiimba nyimbo tamu, akapata kiamshakinywa na kushika njia. Nani amewahi kuamka hivyo Manzese? Anayeandika ni yule mtoto wa darasa la saba anayetafuta alama, bado yumo ndani yake ameshika kalamu. Mwambie mtihani umekwisha, aende nyumbani.

Nikuonyeshe kwa karibu. Sentensi kama hii huikuta kwenye miswada mingi: "Maisha ya familia yetu yalikuwa magumu kupindukia, tukaishi katika lindi la umaskini." Sarufi haina kosa. Ila mimi msomaji sijaona kitu. Lindi lile sijawahi kulifika. Sasa mwulize mwandishi: mwezi ule hali ilipokuwa mbaya, mama yako alifanya nini? Atafikiri kidogo, kisha atakuambia mama alikuwa na genge, na ule mche wa sabuni aliozoea kuukata vipande 6 akaanza kuukata 8, bei ikabaki ile ile. Ehe! Andika hilo. "Mwezi ule mama alianza kukata mche wa sabuni vipande vinane. Jirani akakishika cha kwanza, akakipima kwa macho, akalipa bila kusema kitu." Basi. Umaskini umo, aibu imo, na yule jirani ameshaingia kwenye hadithi bila kualikwa. Sasa tunataka kujua kesho atarudi au atahamia duka lingine. Kitu hicho hukitungi kwa misamiati. Unakikumbuka, au unamwuliza aliyekuwepo.

Kuhusu kiasi cha kuandika, mimi ni mtu wa hesabu ndogo. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikitaka riwaya ya maneno 50,000 kwenda juu. Namba hiyo hutisha watu. Igawe. Maneno 300 kwa siku, yaani kiasi cha ujumbe mrefu mmoja wa kumlalamikia rafiki juu ya mpenzi wako, yanakufikisha huko kwa siku 167, chini ya miezi 6. Ujumbe wa namna hiyo unauandika kwa kidole gumba, umesimama kituoni, wala huombi utulivu wa baharini. Andika kwenye simu kama huna kompyuta, hakuna mchapishaji atakayeuliza. Ila kila Jumapili jitumie muswada kwa barua pepe, au mtumie mtu unayemwamini. Simu za mjini zina miguu, na nimewafahamu waliopoteza riwaya nzima dirishani mwa daladala pale Ubungo.

Kuna wanaodharau hadithi za kwenye magrupu ya WhatsApp, zile za kulipia ili upate sehemu inayofuata. Mimi waandishi wake siwadharau hata kidogo. Kabla yao kulikuwa na magazeti pendwa na "itaendelea wiki ijayo", na watu walikuwa wakigombania gazeti kwa sababu ya kipande cha ukurasa mmoja. Msomaji anayekutumia pesa kwa simu saa sita usiku ili ajue mhusika amepona au la, huyo ni shahidi kwamba umeshika kitu. Hadithi za vipande hukufundisha kumalizia pale panapouma, na hukufundisha kutokeza kila siku. Kasoro yake ni moja: sehemu ya kwanza ikishatoka huwezi kuirudia. Kwa hiyo wauzie wasomaji wako vipande, upate nauli na sifa zako, kisha kaa chini na hadithi nzima uiandike upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuiona.

Maana kuandika upya ndiko kazi ilipo. Ile tafsiri ya Nyerere ya 1963 niliyoitaja ilikuwa imeshachapishwa, ya mkuu wa nchi, nani angethubutu kumwambia airekebishe? Aliirudia mwenyewe. Mwaka 1969 ikatoka upya ikiitwa Juliasi Kaizari, mwaka ule ule aliotoa Mabepari wa Venisi. Rais alikubali kwamba rasimu yake inahitaji mkono wa pili. Wewe una rasimu ya kwanza ya hadithi fupi na unakasirika mtu akikuwekea alama ya kuuliza pembeni?

Tafuta basi mtu wa kukuwekea hizo alama. Mmoja anatosha, asiwe mama yako wala mchumba wako. Awe msomaji anayeweza kukuambia "hapa nililala" na kesho mkanywa chai pamoja. Marafiki wanaotuma vidole gumba na moto kwenye kila aya wana upendo, Mungu awabariki, ila hawajasoma.

Kisha kuna kukataliwa, na huku nitapita haraka, kwa kuwa hakuna maneno yatakayokuzuia kuumia. Utapeleka muswada, hutajibiwa. Utajibiwa baada ya mwaka kwamba soko ni la vitabu vya kiada. Kufikirika cha Shaaban Robert kilichapishwa mwaka 1967, mwenyewe ameshalala kaburini miaka 5. Rosa Mistika kilizuiwa mashuleni, kisha kikaja kuingia mashuleni humo humo. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987. Nobel ikaja 2021, na mwaka uliofuata ndipo Paradise ikasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Hesabu hizo sikupi kukufariji. Nakupa ili ujue foleni ina urefu gani, ubebe na kitabu cha kusoma ukiwa umesimama.

Na milango iko wazi zaidi kuliko ilivyokuwa kwa yule karani. Ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ipo hiyo Safal-Cornell, inayopokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Usiandike kwa ajili ya tuzo, utaandika insha tena. Lakini muswada ukishakuwepo, umerudiwa, umepitiwa na yule msomaji wako mkali, upeleke. Upeleke hata kama unatetemeka. Walioshinda walitetemeka vilevile.

Leo usiku, basi. Usiniambie kesho, kesho una kikao. Weka simu kwenye chaji, zima data, andika maneno 300, mabaya kadiri yatakavyokuja. Usiyasome. Kesho ongeza 300 mengine kabla hujayatazama ya jana. Na kama umekaa na ukurasa uko mtupu na huna pa kuanzia, chukua ule mche wa sabuni, nakupa bure. Jirani ameshalipa na kuondoka. Mama amebaki na vipande saba mezani, na kuna mtoto amesimama mlangoni aliyeona kila kitu. Endelea.